Orodha ya Damu

Salesio hakuwa na roho mbaya, tuseme ukweli. Kilichomponza ni mdomo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti, katika chumba kimoja cha kupanga pale Bulla Pesa, mjini Isiolo, na hakuna kitu kipya kilichotoka duniani ambacho hakukitolea hukumu kabla chai ya saa nne haijapoa. Simu za kukunjwa? Upuuzi wa matajiri. Saa za kuhesabu hatua? "Mtu wa Isiolo anajua ametembea, miguu inamwambia!" Mashine zinazoandika programu zenyewe? Hizo alisema ni nzuri, ila zinahitaji mtu wa kuzisimamia, na mtu mwenyewe ni yeye. Kila baada ya miezi michache alitangaza kwamba njia aliyokuwa akijengea tovuti jana imekufa, imezikwa, na anayeitumia bado akae na wazee wenzake. Vijana wa bodaboda walimwita Apdeti. Naye alilipenda jina hilo, maskini.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumkatiza: dada yake mkubwa Kagwiria, aliyeuza miraa karibu na stendi. Hao wawili walipendana mno, ingawa ukiwasikia wakiongea ungedhani wanagombea shamba.

Miaka mitano nyuma, Kagwiria alipojifungua mtoto wake wa kwanza, Mwenda, alivuja damu nusura atutoke. Damu yake ni ya aina adimu, O hasi, na siku hiyo hospitalini haikuwepo hata chupa moja. Mumewe, Kiugu, alizunguka mjini akiuliza kila aliyekutana naye, bila aibu, machozi yakimtoka. Akafika mnadani, soko la mifugo, na huko akampata Mturkana mmoja mrefu, Lokaale, aliyeajiriwa kuswaga mbuzi wa wafanyabiashara. Lokaale akasema yeye aliwahi kupimwa, na damu yake ni hiyo hiyo. Akaenda, akalala kitandani, akatoa. Kagwiria akaishi.

Alipopona alinunua daftari la shule. Akaanza kuandika: jina, aina ya damu, namba ya simu. Kila mteja wa miraa aliulizwa, atake asitake. Muda si mrefu daftari likajaa Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana, watu ambao mambo yakichacha mjini hawapeani hata salamu. Salesio akaiingiza orodha hiyo kwenye tovuti. Kilikuwa kitu cha kawaida kabisa: muuguzi anaandika aina ya damu inayotakiwa, na ujumbe mfupi unamwendea kila mwenye damu hiyo, awe na simu ya bei mbaya au kabambe ya vibonyezo. Haikuwa na urembo wowote. Ila iliokoa watu, na hapo Salesio aliheshimika kuliko wakati wowote maishani mwake.

Angeiacha hivyo! Lakini mwaka jana alienda Nairobi kwenye mkutano wa mafundi wenzake, akarudi kichwa kimejaa moto. Tovuti ile sasa alikuwa akiionea haya. Akaibomoa yote, akajenga apu ya simu za kisasa, yenye ramani na rangi na tiki za kijani.

"Na watu wa kabambe?" Kagwiria alimuuliza, akifunga vifurushi vya miraa kwa majani ya ndizi.

"Watanunua simu. Ujumbe mfupi ni mambo ya kale, dada. Hakuna anayejenga hivyo siku hizi."

"Lokaale anunue simu na nini? Na akishainunua aichajie wapi, kwenye pembe za mbuzi?"

Salesio akacheka. Kagwiria hakucheka. Alichana ukurasa kutoka nyuma ya daftari lake, akaandika majina kumi na moja ya watu wa kabambe na namba zao, akampa. Juu yake alikuwa ameandika: *Hawa usiwasahau.*

"Nitawaingiza," Salesio akasema, akaukunja ukurasa, akautia kwenye mfuko wa begi la kompyuta.

Na aliwaingiza kweli. Majina yote kumi na moja yalikuwemo. Lakini apu ilituma taarifa kwa wenye apu tu. Tiki ya kijani nayo ilitokea mbele ya kila jina, kwa sababu Salesio mwenyewe aliiandika hivyo, haraka haraka, Ijumaa moja: tiki maana yake taarifa imetoka. Kama kuna simu iliyoipokea, hilo alisema atalirudia baadaye. Hakulirudia. Kukawa na jambo jipya la kubishania.

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mchana, Kagwiria akashikwa na uchungu wa mtoto wa pili. Walimkimbiza hospitalini hivi hivi, simu yake ikabaki nyumbani kwenye chaji. Mtoto alitoka salama, msichana, analia kwa nguvu. Kisha damu ikaanza, na haikukata.

Muuguzi akatoka mbio. Damu ya aina ile ilikuwa imeagizwa kutoka Meru na iko njiani, alisema, lakini mgonjwa hana muda wa kungoja njia. "Ile orodha yenu!"

Salesio alikuwa ameshaifungua. Alibonyeza. Majina manne yakatokea, wenye O hasi wote wa Isiolo, na tiki nne za kijani. La Lokaale lilikuwa la kwanza.

"Imewafikia," akamwambia Kiugu. "Tulia, shemeji. Wanakuja."

Dakika kumi zikapita. Akaja mwanamke mmoja, Sadia, mwenye duka la vitambaa, buibui limejaa vumbi la pikipiki. Wakamtoa damu. Wa pili akajibu kwenye apu kwamba yuko Mombasa. Wa tatu kimya. Lokaale kimya.

"Mpigie Lokaale," Kiugu akasema.

"Namba zimefichwa. Nilizificha mimi, watu wasisumbuliwe."

"Basi niende nyumbani nikalete daftari."

"Daftari la nini, Kiugu? Ona tiki! Ameshaambiwa!"

Kiugu alimtazama, akaitwa ndani, akaenda. Salesio akabaki kwenye benchi akivuta kioo cha simu chini kwa kidole, tena na tena, kuona kama kuna jibu. Begi la kompyuta lilikuwa kati ya miguu yake. Katika hofu ile akapata wa kumlaumu, na hasira ikampa nafuu kidogo. Huyu Lokaale ameona na amenyamaza. Dada yangu anakufa na yeye anaswaga mbuzi.

Damu ya Sadia haikutosha. Gari la Meru liliingia langoni saa tisa na nusu. Kagwiria alikuwa amekata roho saa tisa.

Jamani, yule mtu alilia. Alilia mpaka Kiugu, aliyefiwa na mke, ndiye aliyemshika.

Jumamosi watu walijaa nyumbani kwa Kiugu kwa matanga. Wanawake walikuwa jikoni na masufuria ya chai, mtoto mchanga akipokezanwa mikononi, Mwenda akiuliza kila anayeingia kama amekuja na mama. Salesio alikaa kando na begi lake, kwa kuwa ndiye aliyepewa kazi ya kuandika tangazo la maziko. Mpaka wakati huo hakuwa ameandika hata neno.

Ndipo Lokaale akaingia langoni. Alikuwa amevaa koti, kwenye jua lile, akiwa ameshika kofia mkononi.

Salesio akasimama. "Umekuja kunywa chai?" akafoka. "Jumanne ulikuwa wapi? Uliambiwa ukanyamaza! Umemuua dada yangu, sasa unakuja na koti!"

Lokaale aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kabambe yake, iliyofungwa kwa mpira ili betri isianguke.

"Mimi sikuambiwa," akasema. "Hii simu sijazima tangu mwezi ya tatu. Dada alikuja mnadani mwenyewe, akaniambia, Lokaale, nina mimba, simu yako isizime. Nikamwambia haitazima. Kila siku nachaji kwa kinyozi. Jumanne nimekaa nayo kwa mkono."

"Tiki..." Salesio akaanza.

"Ujumbe yenu ya mwisho ni hii." Akamnyooshea simu. Ulikuwa wa mwaka jana, Salesio aliuandika mwenyewe: *Huduma hii imehamia kwenye apu. Asante kwa kuwa nasi.* "Kinyozi alinisomea. Akasema simu yangu haiwezi hiyo kitu. Nikamuuliza dada. Akasema, usijali, namba yako nimempa Salesio kwa karatasi."

Salesio akachuchumaa, akafungua begi. Mfuko wa mbele ulikuwa na waya za chaji na risiti kuukuu, na chini yake ukurasa wa daftari, umekunjwa vile vile alivyoukunja. *Hawa usiwasahau.* Mwandiko wa Kagwiria, ule wa kulalia upande mmoja. Jina la kwanza, Lokaale, na namba yake mbele.

Sijui alitaka nini. Pengine bado alitumaini namba iwe mbovu. Alitoa simu yake, akabonyeza tarakimu moja moja, akakosea, akaanza upya.

Kabambe ikalia. Ililia kwa sauti kubwa, ile ya simu za mnadani, na uwanja mzima ukasikia. Mwenda akaja mbio kutazama.

Lokaale aliitazama simu ikilia mkononi mwake. Kisha akaipokea, ingawa walikuwa hatua tatu tu mmoja na mwenzake.

"Haloo, Salesio."

Salesio alikuwa bado amechuchumaa, simu sikioni, ukurasa kwenye goti. "Jumanne," akasema ndani ya simu. "Ungefika kwa muda gani?"

Lokaale hakutaka kumjibu, ilionekana usoni. Akamtazama Kiugu, na Kiugu akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa pale mnadani," akasema. "Kwa miguu, dakika kumi."