Bitiruti Ndani ya Keki

Alipomsikia mumewe akifungua mlango wa choo, alifanya lile alilolizoea tangu ndoa yao ikiwa changa: alitupia kitambaa juu ya mboga. Karoti zilikwisha kukwaruzwa, ndizi mbivu zimepondwa, nanasi limekatwakatwa na kukamuliwa lisije likaiacha keki mbichi katikati. Kilichobaki kilikuwa kile kiazi chekundu, bitiruti, ambacho kilikuwa kimempaka rangi mikono hadi vifundoni. Akaificha mikono mgongoni.

Mume mwenyewe alikuwa fundi rangi wa kupaka nyumba za watu, na yeye na mboga walikuwa kama paka na maji. "Mimi si mbuzi," ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jani lililofika mezani. Basi mkewe, mwanamke asiyekubali kushindwa na mtu ambaye yeye ndiye humfulia soksi, aliamua kumlisha kwa mlango wa nyuma. Kila wiki alioka keki moja ya trei kubwa, akazika humo karoti na matunda, naye bwana akala na kusifia nanasi. Lakini bitiruti ilikuwa ngeni. Aliitia jana tu, mara ya kwanza maishani mwake, baada ya muuza mboga kumwapia kwamba inaongeza damu. Fundi alikula mpaka akalegeza mkanda. Ndiyo maana leo trei ya pili ilikuwa njiani.

Fundi alisimama mlangoni, midomo imemkauka.

"Mama Watoto, hebu kaa."

"Nina kazi. Kuna nini?"

"Kaa, nakwambia."

Akakaa, mikono ingali mgongoni. Fundi akavuta kiti, akaitazama sakafu kama mtu anayetafuta shilingi iliyomponyoka.

"Nimekojoa damu," alisema. "Tena si tone. Choo chote chekundu."

Roho ilimruka mkewe. Ilimruka kweli, maana mwanamume huyu pamoja na ubishi wake wote ndiye mtu aliyekuwa naye duniani, watoto wamekwisha kwenda kwao. Kisha akakumbuka kilichokuwa chini ya kitambaa. Kicheko kikamjia kutoka tumboni, akajaribu kukimeza, kikamshinda.

"Unacheka?" Fundi hakuamini. "Mwenzako nakufa, wewe unacheka?"

Wifi yake, dada wa fundi anayeishi nyumba ya pili, aliingia bila hodi, kama kawaida yake kila akisikia jambo.

"Mbona mnacheka bila mimi?"

"Kaka yako anaaga dunia," mkewe alisema, machozi yakimtoka, akaileta mikono mbele na kulifunua bakuli. "Baba Watoto, hii ni bitiruti. Umeila jana kwenye keki. Hata mimi asubuhi nilishtuka nilipoenda haja, mpaka nikakumbuka nilichokula."

Fundi aliitazama mikono, akalitazama bakuli.

"Na hizi karoti?"

"Hizo umekula miaka yote."

"Miaka yote?" Wifi alijishika kiuno. "Kumbe mbuzi tunaye nyumbani siku zote, mwenyewe hajijui."

Fundi alijitahidi kukasirika. Alikunja uso, akakohoa, akatafuta neno la kiume la kusema, kisha akaangua kicheko kuwapita wote wawili. Akajikatia kipande cha keki ya jana, akakigeuza huku na huku kuukagua wekundu wake, akakitia mdomoni.

"Afadhali," alisema huku akitafuna. "Mmenipa uhai. Tangu ile mara ya kwanza sijapata usingizi wa maana."

"Mara ya kwanza ipi?" mkewe aliuliza, bado akijifuta macho.

"Ile ya nilipokuwa napaka rangi shule. Damu ikaacha. Ikarudi tena wakati binti yetu anakaribia kujifungua. Nikaona ninyamaze, nisiwatie watu simanzi kwenye furaha yao. Kumbe ni wewe na bitiruti zako."

Wifi alikuwa bado anacheka. Mkewe alikuwa ameacha. Mjukuu wao sasa alikuwa anatambaa. Mkewe akalisogeza bakuli mbele ya fundi.

"Ilikuwa na rangi hii hii?" aliuliza taratibu.

Hilo lilikuwa swali la kazi yake, na fundi alilifikiria kifundi, kichwa kikiwa upande.

"Hapana. Hii ya leo ina uzambarau kwa ndani. Ile ilikuwa ya kutu, kama geti la zamani kabla sijalipiga msasa. Labda bitiruti zile zilikuwa za aina nyingine."

"Labda," mkewe alisema.

Wifi alimtazama usoni, naye akaacha kucheka. Alijifunga mtandio vizuri akatoka, na kupitia dirishani wakamwona akienda mbio kuelekea barabarani kusimamisha gari, yeye ambaye magoti yalimfanya alalamike hata kwa kusimama.

Mkewe alizima oveni. Unga ulikuwa tayari bakulini, mayai yamekwisha kuvunjwa. Alileta viatu vya mumewe, vile vya kutokea, akapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Tunakwenda wapi? Keki bado."

"Lete mguu."

Fundi akautoa mguu, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakuwa na ubishi leo. Mkewe alimvika kiatu, kamba ikawa haitaki kuingia tunduni. Akaijaribu tena. Juu yake fundi alikuwa akivumisha wimbo, mdomo umejaa keki, huku akimpangusa makombo yaliyomwangukia kichwani.