Upande wa Pili wa Shuka

Kukunja shuka la kitanda kikubwa ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, wanavuta mpaka shuka linyooke, kisha wanaendeana kama watu wanaotaka kusalimiana, na mmoja anampokea mwenzake. Katika chumba cha kufulia cha hoteli ile, nyuma ya jiko, upande wa pili wa shuka ulikuwa wa Meneja.

Meneja hakuwa meneja. Alikuwa mtu mzima mwenye akili inayokwenda taratibu, na jina hilo alipewa na majirani kwa kuwa asubuhi aliwatangulia wote kutoka, shati limechomekwa, kitambulisho kinaning'inia kifuani. Kazi alitafutiwa na kituo kinachowasaidia watu wazima wenye ulemavu kuajiriwa. Mwelekezi wa kituo, mama mpole mwenye viatu vilivyolika upande, alisimama naye pale akimshikia shuka mpaka mikono yake ikaizoea kazi, ndipo akamwachia wenzake. Dada yake, fundi cherehani aliyebaki naye baada ya mama yao kufariki, siku kazi ilipopatikana alishona kola ya mteja juu chini kwa furaha.

Meneja alikuwa na namna yake. Kabla ya kukunja alilaza shavu kwenye shuka kusikiliza kama limekauka. Ndivyo mama yao alivyokuwa akifanya akianua nguo. Shuka bichi alilirudisha kambani bila maneno, na wenzake wakaacha kubishana naye, maana shavu lile halikuwahi kukosea.

Ikatokea mgeni mmoja akapotea njia akitafuta bwawa la kuogelea, akachungulia dirishani, akaliona shavu juu ya shuka. Alikwenda mapokezi kulalamika. Msimamizi wa chumba cha kufulia, mtu asiyependa maneno mengi, alimwita Meneja pembeni.

"Kesho pumzika, ndugu yangu."

Meneja akauliza keshokutwa je. Akaambiwa na keshokutwa pia.

Alirudi nyumbani jua la alasiri likimpiga mgongoni, na mbele yake njiani hapakuwa na kitu. Dada yake, aliyekuwa mlangoni akitia uzi kwenye sindano, aliona kwamba kivuli hakikuja naye. Akamuuliza kimebaki wapi.

"Kazini," Meneja alisema. "Mashuka hayajaisha."

Kesho yake dada alikwenda hotelini. Kivuli kilikuwa mahali pake, kimeshika pembe mbili, kinakunja na mama wa zamu ya asubuhi. Kililaza shavu kwenye shuka, kikatikisa kichwa, shuka likarudi kambani. Dada alimwambia msimamizi kwamba kama kazi bado ipo, basi mwenyewe arudi.

"Kivuli hakina jasho wala mate, dada," msimamizi alisema. "Mgeni akikiona atalalamika nini?"

Dada akauliza habari ya mshahara. Akaambiwa kivuli hakina mfuko.

Kabla ya kuondoka alikiita, kwa sauti ileile aliyomwitia ndugu yake chakula kikiiva. Kivuli kiligeuka, kikampungia mkono, kikaendelea na kazi.

Akaenda kituoni. Alitaka jambo moja tu, Meneja atafutiwe pengine. Mwelekezi alimkaribisha kiti, akamwambia kwamba yeye mwenyewe alishapita hotelini kukitazama kivuli na ameridhika nacho, kinawahi na hakigombani na mtu. Ukutani, kati ya picha za waliofanikiwa, walikuwa wamebandika picha yake, doa jeusi lenye shuka jeupe.

"Na mwenye kivuli?" dada aliuliza.

"Mpenzi wangu, hapa kwetu ameshaajiriwa. Hatuwezi kumtafutia mtu kazi na ile ya kwanza bado anaifanya."

Machozi yalimlengalenga mwelekezi aliposema hivyo. Akamsindikiza dada mpaka barabarani, akimshika mkono, na kule barabarani jibu lilikuwa lilelile.

Meneja hakuacha kuvaa. Kila asubuhi alichomeka shati, akaning'iniza kitambulisho, akaketi kibarazani. Jirani muuza mkaa alimtania, "Meneja, leo umemtuma msaidizi?" Meneja akacheka, kwa kuwa alipenda kutaniwa habari za kazi. Dada alipotoka kupeleka nguo za wateja, alipita nyuma ya hoteli, na akirudi aliulizwa swali moja.

"Wameniulizia?"

Mwanzoni alisema ndiyo. Baadaye alishindwa, akawa anajifanya ana pini mdomoni.

Jioni moja alianua shuka lao uani. Meneja akainuka bila kuitwa, akashika upande wake. Jua lilikuwa chini, linaupiga ukuta wa nyumba, na pale ukutani dada alijiona peke yake, mikono mbele, ameshika shuka ambalo upande wa pili lilining'inia hewani bila mtu. Akageuza macho kwa ndugu yake. Wakavuta, likanyooka.

Meneja akalaza shavu. Alikaa hivyo kitambo, macho amefumba.

"Bado bichi," alisema.

Lilikuwa limekauka tangu adhuhuri. Dada akalichukua, akalirudisha kambani, wakasimama wote wawili kulingoja.