Asioshwe Kwanza

Mwanangu Hashimu alikamatwa Jumatano mchana pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akiwa na kava zake za simu begani. Ijumaa alasiri alikuwa ameshazikwa. Naandika haya kwa kina mama wenzangu wenye watoto wanaouza barabarani, kwa sababu hapo katikati, kati ya Jumatano na Ijumaa, ndipo tulipoibiwa, na tuliibiwa kwa adabu, sisi wenyewe tukisema ahsante.

Kulikuwa na simu ya wizi inatafutwa. Hashimu akaambiwa anamjua aliyeiuza. Akajibu yeye anauza kava, simu hauzi, na jibu hilo pale barabarani likahesabika kuwa ana mdomo. Mdogo wake Adamu, anayeuza naye, ndiye aliyekuja mbio Ilala kuniambia. Nikapika, nikapeleka chakula kituoni. Kaunta alikuwepo kijana mmoja, Koplo Beno, akaniambia weka hapo mama, atapewa. Asubuhi nikarudi na chai. Kile chakula cha jana kilikuwa pale pale nilipokiweka, kifuniko hakijafunguliwa. Nikauliza. Koplo akasema amelala, tusimsumbue.

Mchana polisi wakampigia simu shemeji yangu Mgeni, mdogo wa marehemu mume wangu. Wakamwambia Hashimu ameteleza chooni, amegonga kisogo, amefia njiani akipelekwa hospitali.

Sasa sikilizeni vizuri. Aliyetupokea kituoni siku hiyo hakuwa mkali. Alikuwa Afande Bakili, mkubwa wa wapelelezi pale, mtu mzima, sauti ya chini. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti, akanimiminia maji kwa mkono wake. Akasema daktari ameshamwona marehemu na karatasi ipo. Akasema gari watatoa wao na sanda wameshanunua. Kisha akaniinamia kama mtoto wangu wa kumzaa.

"Kesho Ijumaa, mama. Siku njema. Azikwe baada ya swala, msimtese marehemu."

Na mimi, wallahi, nikamwombea dua yule mtu.

Kwetu maiti hakai. Hilo mnalijua, na yeye alilijua. Alijua pia kwamba maiti mwanamume anaoshwa na wanaume uani nyuma ya shuka, mama yuko ndani na wanawake wenzake, anakuja kuonyeshwa uso tu baada ya sanda kufungwa. Alijua wanawake hatuendi makaburini. Kila desturi yetu njema aliijua, akazipanga moja baada ya nyingine mpaka mwanangu akafika chini ya udongo bila mimi kumwona kitu zaidi ya paji la uso. Likikufika kama langu, sanda ipokee uiweke. Sema asioshwe kwanza. Sema unataka daktari mwingine amwone na mtu wa familia awe amesimama pale. Watakuambia unamtesa marehemu. Waache waseme.

Mimi sikuyasema hayo. Nilimbusu Hashimu kwenye paji la uso, linanuka karafuu maiti, nikamwachia Mgeni.

Aliyemwosha ni Kitwana. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye baraza mtaa wa nyuma yetu, na ndiye mwosha maiti wa msikiti wetu toka babake alipozeeka. Ni mtu wa maneno. Akimaliza kuosha hukaa na wenzake akanywa kahawa, akafariji watu, akatangulia makaburini. Siku ile alitoka nyuma ya shuka akasema mgongo unamuuma, akaenda kwake. Hitma hakuja. Halafu nikaona hanunui tena kwangu. Nina genge la nyanya na vitunguu barazani, na Kitwana alikuwa akipita kila jioni, anachagua nyanya huku akinilalamikia kuwa zimeiva kwa jua la jana. Sasa alizunguka mtaa mzima na kifuko cha nyanya za watu wengine ili asipite mlangoni pangu.

Nikamwambia jirani yangu Kuruthumu, huyu mtu kuna kitu amekiona. Kuruthumu hajui kunong'ona. Akanishika mkono tukaenda mpaka kwenye cherehani ya Kitwana, akamuuliza mbele ya wateja tangu lini mashine yake imeanza kushona na midomo. Watu wakacheka. Kitwana hakucheka. Akasubiri wateja waondoke, akasema kwa heshima kabisa kwamba yeye ameosha watu wengi wa Ilala hii, ameona maradhi, ameona makovu, ameona mambo ambayo hata mkewe hajawahi kumsimulia.

"Nikishaosha, macho yangu nayaacha kwenye yale maji, Mama Hashimu. Ndivyo nilivyofundishwa. Maiti anasitiriwa."

Hakusema hakuona. Nilirudi nyumbani na hilo.

Kuruthumu ndiye aliyenipeleka Magomeni kwa wakili mmoja wa msaada wa kisheria, binti anaitwa Hyasinta, mtu wa kusini, mpole, anaandika haraka kuliko unavyosema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mama, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifunguliwe na daktari mwingine aangalie. Lakini hakimu hawezi kufukua mtu kwa sababu fundi cherehani amebadilisha genge. Anatakiwa mtu aliyeuona mwili, aape, aseme alichokiona. Na isiwe mwakani, kwa sababu udongo nao unafanya kazi yake.

Kumbe habari zina miguu. Wiki haikuisha, Afande Bakili alikuja gengeni kwangu, hana sare, amevaa kanzu. Akaniamkia vile vile. Akachagua nyanya taratibu, akauliza hali, akasema amesikia nahangaika mpaka Magomeni na jua hili, angependa nipumzike. Halafu, huku akinipa mfuko nimfungie, akauliza:

"Yule mdogo naye bado yuko Kongo?"

Nitawaambia ukweli, niliogopa. Nilishika ubao wa genge. Usingizi ulishanihama zamani, lakini hofu ile ilikuwa nyingine, ilikuwa na jina la mtoto aliye hai. Adamu akichelewa nusu saa mimi nilikuwa barabarani. Akipiga simu nasikiliza kwanza kama kuna sauti ya mtu mwingine nyuma yake. Yote hayo yalinipita kichwani, na hapo hapo nikaona kwamba nikinyamaza, huyu mtu atakuwa anakuja kununua nyanya kwangu maisha yangu yote.

"Yuko," nikamjibu. "Anaitwa Adamu. Na mama yake ndiye mimi."

Akalipa, akaondoka. Usiku ule ule Adamu nilimhamishia kwa shangazi yake Temeke, akanuna, akasema mimi namfanya mtoto. Nikamwambia nuna, lakini nuna ukiwa Temeke.

Asubuhi nikaenda kwa Kitwana peke yangu. Alikuwa anapiga pindo la sketi ya shule, akaniona, akaendelea kukanyaga mashine kama mvua inamkimbiza. Nikakaa kwenye kibenchi cha wateja bila kukaribishwa. Nilikuwa nimekesha nikiyatafuta maneno, na nilipokaa yakaja yenyewe.

"Kitwana, sikuja kukuuliza umeona nini. Nimekuja kukuuliza umemsitiri nani."

Mguu wake ukasimama.

"Kama mwanangu alikuwa na upele, au ugonjwa wa aibu, au alikufa vibaya usoni, mfunike, Mungu akulipe. Hayo ni yake. Lakini alichofanyiwa na mtu mwingine si aibu yake. Ukikifunika hicho, Hashimu humfuniki. Unamfunika aliyempiga, na huyo yu hai, ana nguo zake."

Akaitoa ile sketi kwenye mashine. Mteja akaja, akamwambia arudi baadaye.

"Nyayo zake," akaanza. "Mama Hashimu, nyayo zake zilikuwa..."

Nikamkatiza. Nikamwambia usiniambie mimi, mimi nitalia tu na kesho kutakuwa vile vile. Kamwambie anayeandika.

Akafunika mashine yake, akafunga baraza, tukaenda Magomeni.

Kitwana aliapa, na kiapo chake kikafika kwa hakimu, na amri ikatoka. Vita ikahamia nyumbani. Shemeji Mgeni alisema nimemvua nguo mtoto wa kaka yake kaburini, kwamba watoto wa mtaani watatuimba, kwamba mume wangu angekuwepo nisingethubutu. Sikumjibu vibaya, kwa sababu naye alimpenda Hashimu kwa namna yake. Nilimwambia tu kwamba kaburi litafunguliwa, yeye akiwepo au asiwepo, na ingekuwa vizuri awepo. Siku ilipofika nilisimama nje ya geti la makaburi na Hyasinta. Kukapambazuka, nikamwona Mgeni anakuja na shuka kubwa. Hakunisalimia. Akaingia, akaitandaza juu ya kaburi kama siku ya kuzika, yeye upande mmoja na Kitwana upande wa pili, wakaishikilia mpaka daktari aliyeletwa na mahakama alipomaliza.

Daktari aliandika mbavu zilizovunjika na mifupa ya miguuni iliyopasuka. Kisogo kilikuwa kizima.

Kesi ilichukua muda wake, inaahirishwa, inaitwa, inaahirishwa, nawaambia mapema msije mkakata tamaa njiani. Walishtakiwa wawili waliomhoji Hashimu usiku ule, Afande Bakili na Koplo Beno. Siku ya Kitwana kutoa ushahidi, alipopanda kizimbani alimwomba Jaji kwanza mimi nitolewe nje. Jaji akaniangalia, akaniuliza kama nataka kutoka. Nikasema nitakaa. Nikakaa, nikasikia yote. Alama za kamba mikononi. Mgongo. Nyayo zimevimba mpaka vidole havionekani. Wakili wa utetezi akasimama akamuuliza, kama aliyaona hayo kwa nini alinyamaza wiki zote zile, au alifundishwa baadaye. Kitwana akasema hakufundishwa.

"Nilikosea nani wa kumfunika."

Wakili akaenda kwenye swali lingine.

Mahakama ikaona hawakukusudia kumuua, walikusudia kumtesa aseme, na akafia humo. Wakatiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia. Hapo nilidhani ndiyo mwisho, kumbe bado kuna siku ya adhabu, na siku hiyo ndiyo watu wengi hawaendi. Nendeni. Wakili wao alisimama akasema mambo mengi ya kweli. Kwamba wana watoto wadogo, ni kosa la kwanza, wametumikia nchi, kazi ya upolisi Kariakoo ni ngumu, wezi wamejaa. Akaomba wasifungwe, wapewe kifungo cha nje. Mama yake Koplo Beno alikuwa benchi la mbele yangu, anatingishika mabega. Nilimwonea huruma, na huruma ile haikunifanya nitake kuondoka.

Wakili wa Serikali akamwambia Jaji kwamba mama wa marehemu anaomba kusema. Niliishia darasa la saba mimi, sikuwahi kusimama mbele ya watu kama wale. Nilishika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa Jaji, sijui sheria. Naomba mwanangu ahesabiwe kama mtu. Kama Hashimu angemfunga askari kamba, akampiga nyayo mpaka akafa, halafu akaandika kuwa ameteleza chooni, mngempa ngapi? Wapeni hiyo hiyo. Sitaki izidi, na sikubali ipungue."

Jaji aliandika kwanza, kisha akasoma. Alisema nguo ya polisi hailipunguzi kosa hili, inaliongeza, kwa sababu aliyekuwa mikononi mwao hakuwa na pa kukimbilia. Akasema mkubwa ana hatia zaidi kuliko mdogo, kwa kuwa alikuwa na uwezo wa kuzuia, akautumia uwezo huo kuficha. Bakili akapewa miaka kumi na minane. Beno kumi na miwili.

Nje kwenye ngazi waandishi walitaka nilie au nicheke. Sikufanya lolote. Mtaani wako wanaosema miaka michache, wako wanaosema nimevunja nyumba mbili. Kuruthumu anawajibu kwa niaba yangu, na majibu yake siwezi kuyaandika hapa. Kitwana, kuna familia mbili hazikumwita walipofiwa, zilisema huyo sasa anasema. Ya tatu ilimwita kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wao alikuwa ametoka mahabusu.

Wamekata rufaa. Hyasinta ameniambia nisiogope, ni haki yao, na mimi naona ni haki yao kweli. Wasikilizwe, mpaka neno la mwisho, kwenye ukumbi wenye madirisha, na wakili ubavuni. Siku itakapoitwa nitafunga genge mapema. Mgeni amesema ananipitia, twende wote.