Jina Lililopanda kutoka Ipogolo

Mwaka 1975 nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, fundi seremala wa Ipogolo, na zilikuwa zimepita wiki tatu tu tangu nijue kuandika jina langu. Mtu aliyejifunza kuandika akiwa mtoto hawezi kuelewa wiki tatu hizo. Niliandika Sedekia Mwakipesile kwenye mpini wa jembe, kwenye gunia la mahindi na chini ya kila kigoda nilichotengeneza. Niliandika hata kwenye kadi ya kliniki ya mjukuu, nesi akanigombeza.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa dole gumba. Siku ya ndoa yetu, kule kwetu Mbeya, mke wangu Lea aliandika jina lake kwenye kitabu cha kanisa kwa mwandiko wa kupendeza. Mimi pembeni nikabandika dole jeusi, utadhani nimeponda mende. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na miwili, Lea aliwaambia wageni, "Mimi nimeolewa na dole." Wageni walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni liliniuma.

Ndiyo sababu kila jioni nilipiga magoti, nikaomba akili, kisha nikaenda darasa la watu wazima. Huko nilijibana kwenye dawati nililolitengeneza mwenyewe kwa ajili ya watoto. Nilijuta kutolifanya pana.

Jumatatu moja nilifika mapema. Juu ya meza ya Mwalimu Roza palikuwa na kalamu ya wino na karatasi yenye majina sita, na chini yake mistari mitupu. Kichwa cha karatasi kilikuwa cha herufi kubwa, na darasa letu lilikuwa halijafika huko. Mimi nilizijua mbili tu, S na M, kwa kuwa ni za jina langu. Pale juu niliiona M, nikafurahi kama nimekutana na ndugu stendi. Nikaandika jina langu.

Mwalimu Roza akaingia, akasoma, akalitazama tumbo langu.

"Baba, kumbe nawe unakimbia?"

"Nakimbia nini, Mwalimu?"

"Mbio za wasomaji. Jumamosi, kutoka darajani hapa Ipogolo hadi kiwanja cha shule kule mjini."

Mji wa Iringa umekaa juu ya mlima, na Ipogolo iko miguuni pake. Ni karibu maili mbili, zote za kupanda.

Nyuma yangu Jailos, fundi baiskeli tuliyesoma naye, alicheka hadi akashika ukuta. "Dole! Wewe hata msafara wa mazishi unakuacha nyuma!"

"Nifutie, Mwalimu," nikasema.

Mwalimu akachukua kalamu. "Umeandika kwa wino, baba. Itabidi nikate mstari."

Nikaiona ncha inaikaribia ile S. Kila asubuhi namwomba Mungu asilifute jina langu katika kitabu chake. Ningewezaje kukaa pale nikitazama likikatwa kwenye karatasi ya shule?

"Acha," nikasema. "Nitakimbia."

"Basi kumbuka, ukifika unatia sahihi kwenye kitabu mbele ya Bwana Elimu, yule ofisa wa wilaya, kwa mkono wako. Dole halikubaliwi. Asiyetia sahihi, hakufika."

Nyumbani Lea alinitazama kwa huruma. "Baba Tupo, wewe ukienda kisimani unapumzika mara mbili."

"Nitaandika jina langu mbele za watu, Mama Tupo."

Alichukua mkasi, akaikata suruali yangu ya kaki kuwa kaptula. Mguu mmoja ulitoka mrefu kuliko mwingine. Akasema huo ni wa kupigia kona.

Ijumaa nikaomba mvua kubwa, mbio ziahirishwe. Mungu akaleta manyunyu ya alfajiri yaliyolaza vumbi, na kibaridi kizuri. Pale darajani kila mtu alisema hali ya hewa imefaa sana kwa kukimbia. Nikashukuru hivyo hivyo.

Filimbi ikalia. Jailos akachomoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mimi nikafuata na viatu vyangu vya tairi, na kabla ya kona ya kwanza nilikuwa peke yangu na mlima. Darajani nilikuwa nimeomba nguvu za kufika mjini. Kwenye kona ya kwanza niliomba za kufika kwenye mti ule wa mbele. Kona ya pili sikuwa na maneno, nilihema tu, nikiamini Mungu anaelewa.

Kona ya tatu nilimkuta Jailos amekaa juu ya jiwe, ameshika mbavu.

"Dole, simama nikwambie neno."

"Niambie tukitembea. Nikisimama siondoki tena."

"Pumzi yangu imebaki darajani."

Tukajikokota pamoja. Mara likaja lori la kabichi, likipanda taratibu na kunguruma, mwendo wake ni huo huo wetu. Utingo akachungulia kutoka nyuma. "Pandeni, wazee! Mlima huu utawaua!"

Jailos alidandia kabla hajamaliza. "Njoo, Dole! Nani ataona?"

Mtu anayesali haulizwi swali hilo. Nilitazama zile kabichi, zilivyolala vizuri, nikatazama chini, nikaendelea na miguu yangu.

Nilipofika kiwanjani wenzangu watano walikwisha kunywa chai. Bwana Elimu wa wilaya alikuwa anafunga kitabu. Lea, aliyekuja na basi la asubuhi, alikuwa amesimama karibu na meza.

"Jailos yuko wapi?" nikauliza.

"Amepita," akasema Mwalimu Roza. "Lori halikusimama. Alikuwa anapiga kelele katikati ya kabichi. Linakwenda Dodoma."

Nikaishika kalamu. Mkono ulitetemeka hadi wino ukadondoka mezani. Bwana Elimu akanionea huruma, akafungua kikopo cha wino wa muhuri.

"Mzee umechoka. Weka dole tu, leo tutakusamehe."

Nilikitazama kile kikopo cheusi. "Ndugu, nakuomba unisubiri mkono utulie."

Akatazama saa yake. Wageni walikuwa wanasubiri hotuba.

"Msubiri," akasema Lea. "Mimi nimemsubiri miaka ishirini na miwili."

Kikopo kikafungwa. Nikafumba macho, nikaomba, nikafumbua. Nikaandika herufi moja moja, na katikati ya Mwakipesile nilihema kama kwenye kona ya pili. Hakuna aliyecheka.

Lea akainama juu ya kitabu, akasoma jina langu kwa sauti, lote. Kisha akalisogelea zaidi.

"Baba Tupo, S yako imelala."

"Iache ilale," nikasema. "Imetoka Ipogolo kwa miguu."