Neno Nililolifuta Ukutani

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Mjukuu wangu, ambaye siku zote hulala kama gogo, alikuwa ameamka kabla yangu.

"Leo jua litatoka magharibi," nikamwambia.

"Kunywa chai, bibi. Fundi alisema tufike mapema."

Fundi huyo anachonga majina ya waliokufa vitani, kwenye ukuta ulio nyuma ya ofisi ya wilaya. Kwa miaka thelathini ukuta ulikuwa wa washindi tu. Mwaka huu kamati imekubali waandikwe pia askari wa ile serikali iliyoanguka, bila sifa yoyote: jina, umri, jeshi alilolitumikia na maneno machache ya familia. Mwanangu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Alikufa ana miaka ishirini, nasi kwa aibu tukawaambia majirani ni homa. Nilitaka asomwe mchana kweupe kabla sijafa.

Jiwe likishakatwa halirekebishiki, kwa hiyo fundi huandika kwanza kwa chaki. Ndugu husoma, na kisichofutwa hadi adhuhuri ndicho hukatwa. Tulipofika, aliniletea kiti kivulini bila kuombwa, akakipangusa vumbi kwa kofia yake.

Nikasoma. Chini ya jina paliandikwa: Alilazimishwa.

"Nani kasema hivi?"

Mjukuu akatazama chini. "Mimi, bibi. Nilimpigia fundi simu. Sikutaka watu wamtukane mjomba."

"Umefanya kwa kumpenda, najua. Lakini mjomba wako hakulazimishwa. Alitoka nyumbani anapiga mluzi, buti zinang'aa. Nililia, akanicheka. Watakaosoma ukuta huu hawatakuwa na sisi wa kutuuliza."

Nikalifuta neno lile kwa kiganja. Fundi alinitazama, patasi mkononi.

"Baba yangu alikamatwa na askari wa jeshi hilo, wakamchukua," akasema. "Hakurudi."

Nikashika mkono wa kiti. "Pole, mwanangu. Kama kazi hii inakuumiza, mwachie mwingine."

"Hapana, mama. Kila familia inaniletea neno lile lile. Ukiwasikiliza, utadhani jeshi zima lilisukumwa, hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa miguu yake. Sasa baba yangu alichukuliwa na nani?"

Akachukua chaki. "Niandike nini?"

"Andika: Alikwenda mwenyewe. Mama yake bado anamlilia."

Aliandika polepole, akaninyooshea herufi mbili zilizopinda. Mjukuu wangu alisoma kwa sauti mara mbili, kisha akafuta macho, wala hakugusa neno. Ilipofika adhuhuri, nyundo ikaanza.

Tulipoaga, fundi alitusindikiza hadi getini.

"Mama, uje tena wiki ijayo," akasema. "Jina la baba liko upande wa pili wa ukuta, kwa washindi, na sina mtu wa kulitazama naye."