Pindo la Mama Mkwe

Mume wangu ana picha moja ya mama yake, na ameringa nayo miaka sitini. Mama amesimama, yeye, bado mtoto mdogo, amekaa kitini na viatu vyeupe. Dada yake, wifi yangu, hana hata moja, maana mama alifariki wiki ile ile aliyomzaa.

“Hapo nina mwaka mmoja,” mume wangu hupenda kusema. “Wewe hukuwepo hata kwenye tetesi.”

Huwa natamani kumchapa na rula. Nani anakumbuka umri wake alipokuwa akila mchanga?

Jumamosi wifi aliingia chumba changu cha kushonea na picha mkononi, kaka mtu nyuma yake akiilinda.

“Wifi, wewe ni fundi. Niambie tu ilipigwa lini.”

Nikaanza na kola. Kola pana zile zilivaliwa miaka kumi, hazikunisaidia kitu. Nikaangalia kadi ngumu iliyobandikwa picha: kahawia, pembe za mviringo, muhuri wa studio. Nikatoa albamu ya ukoo. Picha za studio ile zilikuwa na kadi nyeupe mpaka harusi ya shangazi yao, Januari ya mwaka aliozaliwa wifi. Baada ya hapo zote kahawia.

“Mwaka mmoja wako uko wapi?” nikamuuliza mume wangu. “Umemzidi dada yako miaka miwili, kwa hiyo hapa unakaribia miwili.”

Wifi, ambaye ni wa Septemba, alishaanza kuhesabu kwa vidole.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Nimeshona magauni miaka arobaini, hayanidanganyi. Pindo la mbele lilikuwa limepanda kuliko la nyuma. Ubavuni, kutoka kwapani hadi kiunoni, ulipita ukanda mweusi kuliko gauni zima: kitambaa kilichofichwa ndani ya mshono, hakikupauka, hadi mtu alipoufungua kuongeza upana. Na mikono ya mama ilikuwa myembamba, si ya mtu aliyenenepa.

“Wifi,” nikasema, “na wewe umo.”

Akaweka kidole kwenye tumbo la gauni. Mume wangu akainama, akatazama weee.

“Ndiyo maana nimekaa pembeni ya kiti,” akasema. “Ulishaanza kunibana.”

Wifi akacheka hadi miwani ikamdondoka. Nami nilijaa furaha, nikashindwa hata kutunga uzi. Halafu akainua picha usawa wa macho.

“Shikamoo mama,” akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Picha iliondoka naye. Mume wangu ndiye aliyeifunga kwenye gazeti.