Taichi Ndani ya Eda

Shangazi Mwanaasha alifunua pazia bila hodi, akamkuta mama katikati ya chumba, goti limekunjwa kidogo, mikono yote miwili ikielea mbele yake.

"Wifi! Uko edani, unacheza?"

Mama akashusha mikono. Mie nilikuwa kitandani nakunja nguo, nikashindwa hata kuinua macho.

"Sichezi, wifi. Ni yale mazoezi ya zahanati."

"Mazoezi gani ya kupepea hewa? Watu wanaingia humu kutoa pole, wakukute unajipinda! Mbagala nzima itasema mke wa Jabiri anashangilia."

Jabiri ni baba yangu. Tangu tumzike, dada yake huyu alihamia kwetu kumsimamia mama. Mpaka eda iishe, mama alitakiwa abaki nyumbani, asijipambe, asitie manukato. Hayo aliyapokea bila neno. Lakini Shangazi aliongeza na ya kwake: asikae karibu na dirisha, asicheke, asitoke hata uani kuanika nguo. Na sasa, asinyooshe mikono.

Nilitaka kumweleza. Kabla ya msiba, kila Jumamosi mama alikwenda kwenye uwanja wa zahanati, ambako muuguzi mmoja, Jesca, aliwafundisha wazee taichi, mazoezi ya Kichina ya polepole, ya miguu na pumzi. Mama alikuwa ameshawahi kuanguka bafuni. Yale mazoezi yalimrudishia miguu, yakamrudishia na usingizi, na alikuwa akirudi na vituko vya wenzake. "Leo Mzee Kornelio kageuka kushoto, sie wote kulia. Tumetazamana naye kama maharusi!" Baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Yote hayo yalinijaa mdomoni. Nikasema tu, "Shangazi, chai tayari."

Siku ileile Shangazi alileta godoro lake chumbani kwa mama. Mama akawa mtu wa kukaa. Alikaa mkekani, akahamia kitandani, akarudi mkekani. Wageni wakisema pole, aliitikia, "Tumeshapoa." Wakiondoka, alitazama ukuta. Chakula alikigusagusa. Asubuhi moja aliniuliza kama leo ni Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Kisha, adhuhuri moja, alisali na Shangazi bega kwa bega. Alisujudu, hakuinuka. Shangazi alipotoa salamu ya kumaliza sala, mama alikuwa bado chini, viganja amevikandamiza kwenye mkeka, magoti yanatetemeka. Tulimwinua wawili, kila mmoja na kwapa lake.

"Najat, lete kiti," Shangazi akasema. "Kuanzia leo asali amekaa. Dini imeruhusu."

Nilikibeba kiti mpaka mlangoni, nikasimama nacho.

"Nini tena?"

"Kabla hujaja alikuwa anasujudu na kuinuka mwenyewe," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Miguu imekakamaa kwa kukaa. Umemfunga, Shangazi."

"Mie?"

"Ndiyo. Samahani."

Mama alishika ukuta, akasimama sawasawa, kisha akauachia. Akatanua miguu, akakunja magoti, akaanza kuinua mikono polepole. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa kazini.

Shangazi akainama kuitazama miguu yake.

"Hapo unafanya nini?"

"Nasimama tu, wifi."

Shangazi akageukia dirishani. "Haya, asimame. Ila dirisha lifungwe, na mlango ufungwe. Nitabaki naye humu mie. Wewe kaa sebuleni. Mtu akija, mwambie amelala."

Nikafunga dirisha. Joto likatuvaa palepale, feni ikizungusha hewa ileile. Nilipokuwa natoka, mama alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, jasho limeshaanza kumtoka usoni. Nyuma yangu komeo likavutwa kwa ndani.

Nikaketi sebuleni, nikimsubiri mtu wa kwanza wa kumdanganya.